Mkono wa Mwajuma na Simu ya Neema

Ipo siku moja, mwanangu Neema, kila nikisikia mafuta yanachemka inanirudia. Kaa hapo kwenye kigoda. Leo nimechoka, magoti yamegoma kabisa, lakini hili nitakwambia lote.

Tulikuwa tumepanga Temeke, nyumba ya wapangaji wengi, wote tunapikia uani. Mie nilikuwa msichana bado. Mdogo wangu Mwajuma alikuwa anakaanga maandazi, karai likapinduka, mafuta yakammwagikia mkono wote wa kulia. Alipiga ukelele, majirani wakatoka mbio. Na sie unatujua, kila mtu ana dawa yake. Mmoja kaja na dawa ya meno, mwingine kavunja yai, mwingine kashika unga wa ngano na keshaanza kuupaka. Wakabishana pale pale. Mtoto analia, nami nimemshika tu, sijui nimsikilize nani. Ndoo ya maji imejaa, iko pembeni yetu.

Ndipo akatoka Bi Zuhura, mama mwenye nyumba.

"Hebu nyamazeni! Mtoto anaungua nyie mnabishana? We, mvue bangili kabla mkono haujavimba. Na wewe mmwagie maji, usiache mpaka nikwambie."

Jambo moja, kisha jingine. Tukatulia wote. Ila tulishachelewa, unga ulishagandia kwenye kidonda. Hospitali walipokuwa wanautoa, kile kilio, mwanangu, we acha tu.

Tuliporudi, Bi Zuhura alituita uani. Hakupaza sauti. "Kila mmoja wenu alitaka kusaidia," alisema, "hakuna aliyekubali kunyamaza." Tuliona aibu sana.

Sasa hiyo programu ya simu ya huduma ya kwanza, unayomtengenezea mwalimu wako. Nzuri, sikatai. Lakini jana uliponipa niijaribu, ikaniuliza jina, ikaniuliza namba, ikanikaribisha, halafu ikanimwagia maneno chungu nzima. Jamani! Mtu anaungua, wewe unataka namba yake ya simu? Umeuhamishia ua wetu ule ule kwenye simu.

Yaondoe hayo. Ifunguke hapo hapo, hata kama bando la intaneti limekwisha. Iseme kwa sauti, Kiswahili hiki hiki cha uani, jambo moja tu. Likishafanyika ndipo iseme la pili. Na dawa ya meno iikataze mapema, kabla mtu hajaifungua. Mwenye hofu hasomi, mwanangu. Anatafuta wa kumwambia afanye nini.

Ukimaliza, usimpelekee mwalimu wako kwanza. Mpelekee Mwajuma, yuko Mbagala. Ule mkono haukunyooka tena mpaka leo. Mwekee simu mkono wa kushoto, unyamaze, umtazame. Akiweza kuitumia peke yake, basi kazi yako imekamilika.

Haya, nenda. Mungu akutangulie, na hicho unachokitengeneza kimfikie mgonjwa kabla ya majirani.