Nyota Yangu na Mwezi wa Baba

Mwaka ule Ramadhani ilinikuta nimeshachoka. Asubuhi nilifundisha fizikia, mchana nilisahihisha madaftari, na baada ya alasiri nilikaa barazani kwa baba, hapa Bagamoyo, nikihangaika kwenye kompyuta na nyota moja ambayo kwa macho yangu sikuwahi kuiona. Nilikuwa nikisoma shahada ya uzamili kwa masafa. Msimamizi wangu alinitumia vipimo vya darubini iliyoko angani, akaniambia nitafute sayari inayoizunguka nyota hiyo. Miaka miwili nilikuwa naitafuta.

Baba hakuielewa kazi hiyo, au aliielewa na hakuipenda. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa mwezi wa msikiti wetu. Siku ya ishirini na tisa, jua likikaribia kuchwa, alikwenda kuutafuta mwezi mwandamo, na akisema ameuona wazee walipeleka habari wilayani. Wageni hudhani alikwenda ufukweni. Bahari yetu iko mashariki, na mwezi mchanga huonekana magharibi, kwa hiyo baba alielekea bara, kwenye kiwanja cha mpira kilichoinuka kidogo, njia ya kwenda Fukayosi.

"Hiyo sayari yako umeiona?" aliniuliza siku moja.

Nikamweleza kwamba haionekani, iko mbali mno, na nyota yake inaifunika kwa mng'ao. Tunachopima ni mwanga wa nyota yenyewe. Sayari ikipita mbele yake, mwanga hupungua kidogo sana, kisha hurudi. Ikipita idadi ile ile ya siku, hupungua tena. Ni kama nzi anayekatiza mbele ya karabai.

"Nzi umemwona?"

"Sijamwona, baba. Nimeona mwanga umepungua."

"Basi hujaona kitu. Shahidi husema alichokiona kwa macho yake, akanyamaza."

Aliyasema hayo kwa upole, huku akitafuta kandambili zake kwa mguu. Mimi nilikasirika kimyakimya, kwa sababu nilikuwa na njaa, na kwa sababu nilishaipenda sayari yangu. Nyota ile ilififia kila baada ya siku nne bila kukosa. Nilishajigamba mbele ya walimu wenzangu.

Katika kumi la mwisho msimamizi akanipigia simu. Aliniagiza nitenganishe vipimo: nyota ilipofifia mara ya kwanza, ya tatu na ya tano, niweke upande mmoja, ya pili, ya nne na ya sita, upande mwingine. Mimi nilikuwa nimechanganya zote na kuchukua wastani. Ilikuwa kazi ya nusu saa tu. Upande mmoja mwanga ulipungua sana, upande wa pili ulipungua kidogo. Sayari ni ile ile kila inapopita, haiwezi kuziba mwanga mwingi leo na kidogo baada ya siku nne. Hizo zilikuwa nyota mbili zinazozungukana, moja inang'aa kuliko nyingine, zikizibana kwa zamu. Nilikuwa nimeona nilichotaka kuona. Nikamwandikia msimamizi mstari mmoja kwamba hakuna sayari, nikajilaza mkekani, na magharibi ilipoadhiniwa hata futari sikuitamani.

Baba nilimwambia.

"Wakubwa zako umewaarifu?"

"Nimewaarifu."

"Vizuri," akasema, akaendelea na tasbihi yake.

Siku ya ishirini na tisa aliniomba nimsindikize. Hakuwahi kuniomba hivyo, nikadhani ni miguu. Nilijua tunakwenda bure, kwani kwa hesabu mwezi ungezama kabla ya jua, lakini kwake hesabu si ushahidi, na sikuwa na nguvu za kubishana. Jua likazama nyuma ya mikorosho. Tukafungua kwa tende na maji, na baba akakaza macho magharibi kwa muda mrefu.

"Ule pale," akasema. "Mwembamba."

Nikatazama alipotazama, nikatazama tena. Hapakuwa na kitu, anga tupu na wekundu wa jua lililokuchwa.

Msikitini wazee walikuwa wakitungoja. Baba akatoa ushahidi wake, akaongeza kwamba binti yake alikuwa kando yake. Imamu akanigeukia nilikosimama, nje ya mlango.

"Mwalimu, nawe umeuona?"

Wote walikuwa wamechoka, na wote walitaka niseme ndiyo. Baba alikuwa amevaa kofia niliyoifua mwenyewe asubuhi. Nikiitikia, mji ungekula Idi siku ya kufunga. Nikikataa, neno lake lisingesikilizwa tena.

"Sijauona," nikasema. "Nimetazama alipotazama. Sikuona kitu."

Imamu akainamisha kichwa, akasema tutatimiza thelathini. Hakuna aliyemlaumu baba, na upole wao ulinichoma kuliko lawama. Tulirudi nyumbani. Nilijichukia, na ningeulizwa tena ningejibu vile vile.

Kesho yake jioni hapakuwa na haja ya kwenda popote. Mwezi ulionekana kutoka uani, mwembamba lakini wazi, juu ya paa la jirani, na watoto wa mtaa wakaupigia kelele. Baba akatoka, akasimama kando yangu. Uso aliuelekeza kushoto, kwenye mnazi, mbali kabisa na mwezi.

"Mashallah," akasema. "Leo uko wazi."

Nilimshika mabega nikamgeuza taratibu mpaka akaelekea penyewe. Nikamsogelea karibu, nikaona ukungu mweupe katika mboni zote mbili.

"Baba, tangu lini?"

"Mwaka juzi. Mwanga ulikuwa unapungua tu, kidogo kidogo. Nilidhani utagundua."

Mwaka juzi ndipo nilipoanza na ile nyota. Kila alasiri nilipima mwanga wake unavyopungua, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake.