Pua ya Mzee Povu

Mimi mdomo wangu hauna breki, kila mtu pale kazini anajua. Ndiyo maana waliniweka upande wa saladi, mbali na wageni, na ndivyo nilivyokaa miaka minne hatua tatu kutoka kwa Mzee Povu na jiko lake la gesi. Jino lake bovu nalijua, wimbo anaouvumisha akikasirika naujua, hata soksi zake za Jumapili nazijua. Kilichokuwa mbele ya macho yangu kila siku, hicho sikukiona.

Povu si jina alilopewa na wazazi wake. Tulimpa sisi. Hoteli yetu ni ndogo, vyumba kumi na viwili, lakini ina bustani nyuma, na nyama choma na kuku wa mchana pale bustanini ndio wanaotulipa mishahara. Jiko limesimama juu ya sakafu ya saruji, peupe, mbali na ukuta na mbali na turubai, kwa sababu mzee aligombana na meneja wiki nzima mpaka likatolewa chini ya paa. Kila asubuhi, kabla hajavaa aproni, anachukua kikombe cha bati, anakoroga sabuni na maji kidogo mpaka yatoe povu, anafungua mtungi bila kuwasha kitu, halafu anapaka lile povu kwa brashi. Anapaka kwenye mdomo wa mtungi, kwenye regulata, na kwenye mpira wote mpaka pale mpira unapoingia kwenye jiko. Anachuchumaa na kukodoa macho. Povu likitulia, kila kitu ni kizima. Likianza kuvimba, kuna mahali gesi inatoka, na siku hiyo hakuna kuwasha mpaka palipovuja papatikane.

Mimi nilikuwa simwachi.

"Mzee, mtoto ameshaoga? Mpake na mafuta basi, asipauke."

"Cheka tu, dada. Anayeungua ni mimi."

Na si povu peke yake. Yule mtu alikuwa na masharti kuliko mama mkwe. Mfuniko ufunguliwe kwanza, ndipo gesi, ndipo moto. Moto ukizimika ghafla, funga kila kitu, ondoka, hesabu dakika tano, usijifanye shujaa. Trei ya mafuta alimwaga kila jioni, maana mafuta yaliyolala ndiyo yanayokuja kuwaka siku ya wageni wengi. Mara moja kwa mwezi alichomoa mabomba ya moto na kuzibua matundu yake kwa waya mwembamba, akimtukana kila buibui aliyejenga humo. Akimaliza kazi alifunga mtungi kwanza, akaacha moto umalize gesi iliyobaki kwenye mpira, ndipo akazima jiko. Tulimwona mwoga. Mwosha vyombo alisema mzee akienda msalani hupaka bomba povu kwanza.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo nikiyakumbuka sasa najipiga kofi. Kila akichanganya viungo vya kuku aliniletea kijiko. "Onja. Inanukiaje?" Nami kichwa kikavimba, nikadhani anaheshimu ulimi wangu. Mtaro wa nyuma ulipoziba wiki nzima, sote tukatembea tumeziba pua, yeye alikaa pale pale akala wali wake kwa raha zake. Nikasema moyoni, huyu kweli kala chumvi nyingi, hababaishwi na mtaro.

Jumapili moja wageni walikuwa arobaini na kitu. Katikati ya kazi mtungi ukaisha. Mzee akauchomoa, akaleta mwingine, akautuliza wima, akafunga regulata. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake cha povu, kikombe hakipo. Mwosha vyombo, kwa mara ya kwanza maishani mwake kufanya kazi bila kuambiwa, alikuwa amekichukua kukiosha. Mzee akatazama huku, akatazama kule. Meneja akatokea mlangoni.

"Mzee! Meza namba sita wanauliza kama kuku bado anataga!"

Nilimwona anasita. Halafu akafungua mfuniko, akafungua mtungi, akainama kugeuza kitasa cha jiko. Na mimi hapo hapo ikanipiga puani: ile harufu ya yai viza, nzito, mpaka machozi. Nilimtazama nikingoja aruke nyuma. Hakuruka. Alikuwa ameinama juu yake, uso umetulia kabisa, kidole kiko kwenye kitufe cha kuwashia.

"Usiwashe! Wewe mzee, usiwashe!"

Bakuli la saladi lilikwenda chini. Nilimshika ukosi nikamvuta mpaka tukaanguka wote kwenye majani, na wageni wengine wakacheka wakidhani ni mchezo. Yeye aliinuka wa kwanza. Macho yamemtoka, akafunga mtungi, akafunga vitasa, akamwomba mgeni wa meza ya karibu azime sigara yake, akawasogeza watu wote kwa sauti ya upole. Tulingoja upepo upeperushe gesi yote. Kikombe kikaletwa, akapaka povu, na pale kwenye mdomo wa mtungi likavimba kama maziwa yanayochemka. Kile kipete cha mpira cha ndani kilikuwa kimepasuka.

Wageni walipoondoka nilimfuata nyuma, kwenye masinki.

"Hukunusa?"

"Nina mafua."

"Mafua gani? Pua kavu hiyo! Mafua ya lini?"

Akafungua bomba, akafunga. "Ya miaka mitatu iliyopita," akasema. "Nililala wiki mbili, nikapona kila kitu. Pua haikurudi. Daktari alisema huenda ikarudi, huenda isirudi. Sisikii harufu yoyote, dada. Si gesi, si kitunguu, si mtaro."

Jamani, nilimwakia. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Miaka mitatu umesimama juu ya gesi huna pua, na mimi pembeni yako, na watoto wangu wawili wananingoja nyumbani! Aliosha mikono mpaka nikamaliza yote.

"Ndiyo maana ya povu," akasema. "Povu unaliona kwa macho. Sikuliacha hata siku moja. Leo tu."

Nikapindua ndoo, nikaikalia. Nikamuuliza kwa nini hakuacha hiyo kazi. Alidhani, akasema, jiko litamsaidia. Kila siku anainama juu ya nyama moto akiomba leo harufu ipite puani, hata kidogo, hata kama kwa mbali. Mvua inamkuta bila kumpa taarifa, anajua imekuja ikishamlowesha. Nyumba yake haina harufu, na nyumba isiyo na harufu ni kama ya mtu mwingine, unaingia unataka kubisha hodi. Halafu akaniambia lililo chini ya yote hayo. Mke wake, yule tuliyemchangia mazishi, alianza kuugua miezi miwili baada ya yale mafua, na ilikuwa miezi minane mpaka akafariki.

"Nimemwogesha, nimembeba, nimelala naye kitanda kimoja mpaka usiku wa mwisho. Harufu yake sikuipata hata mara moja. Watu wanasema umemzika mke wako, pole. Mimi nilishampoteza kabla. Jiko wakilichukua walichukue. Ninachokitaka ni ile harufu, mara moja tu, nikae nayo hata dakika."

Nililia, sioni aibu kusema. Lakini nilimpa siku tatu amwambie meneja mwenyewe, la sivyo ningesema mimi. Gesi haina huruma, nikamwambia, na mimi pia. Hakungoja siku tatu. Kesho yake asubuhi alivua kofia akaingia ofisini, nami nikaingia nyuma yake bila kuitwa.

Meneja alitaka kumpeleka stoo akahesabu viazi. Nikasema kuku wakichomwa na mtu mwingine wageni watahama, na yeye anajua. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho yakawa hivi: mzee atachoma, lakini mtungi haufunguliwi mpaka mimi niwepo. Povu kwanza, pua yangu baadaye, na pua yangu ikikataa, hata awe mgeni gani, atakula mkate. Mtungi ukiisha katikati ya kazi, sheria ni hiyo hiyo. Kikombe cha bati kikafungwa kamba kwenye mguu wa jiko, na mwosha vyombo akaonyeshwa kamba.

Basi nikawa pua ya Mzee Povu. Alinifundisha kupaka, kukaza regulata bila kuilazimisha, kukunja mpira taratibu nikitafuta nyufa, kuutupa ukianza kukauka hata kama haujavuja. Nikimaliza kunusa nasema "shwari," naye anawasha. Na hapo, moto ukishashika, ndipo anapouliza, kila siku, bila kunitazama:

"Leo kunanukia nini?"

Mwanzoni nilijibu ovyo. Kuku. Moshi. Akasema, "Kuku yupi? Wa mapema au wa kuanza kuungua?" Akanilazimisha nitafute maneno. Nikajua kwamba ngozi ikianza kukauka inanukia kama karanga, na kwamba majani yakikatwa asubuhi yana kitu cha tango ndani yake. Mvua ikikaribia namwambia, "Mzee, inakuja, vumbi limeanza kunukia." Anafumba macho. Anageuza kichwa taratibu, mtu wa watu, akitafuta, halafu anayafumbua, na naona kwamba hakupata kitu. Nyama inageuzwa. Kesho anauliza tena.

Ikapita miezi. Siku moja alinisubiri getini, amevaa shati la kutokea. Alikuwa anababaika mpaka nikamwambia mzee, kama ni posa mimi nina mume.

"Acha utani, dada. Nataka uje nyumbani kwangu. Njoo na mumeo kama unaona vibaya. Kuna kitu nataka uninusie."

"Mtungi wa nyumbani?"

"Hapana."

Nilikwenda na mume wangu, akabaki nje na mwenye nyumba wakizungumza mpira. Ni vyumba viwili. Vikombe viwili vimepinduliwa mezani, kimoja kina vumbi. Kitanda kimetandikwa vizuri, mto mmoja. Sakafu inang'aa. Alifungua kabati, akatoa mfuko wa nailoni mkubwa uliofungwa mafundo matatu, ndani ya mwingine uliofungwa mafundo matatu. Ndani kulikuwa na sweta la kijivu la kike, lililochakaa viwiko.

"Alilivaa wiki yote ya mwisho," akasema. "Nililifunga siku ile ile, halijaoshwa. Sijawahi kufungua. Nifungue nifanye nini, na sina pua? Mwanangu anapiga simu kila Jumapili kutoka huko aliko, nitamwambia nini, anuse sweta la mama yake kwa simu? Lakini sijui kama kuna kitu humo, dada. Miaka miwili sijui. Pengine natunza nguo tupu. Wewe huwa hunifichi kitu. Niambie."

Mikono yake ilifungua mafundo polepole kama anafungua jeraha. Alifungua kiasi cha uso wangu kuingia tu. Niliinama. Kwanza nikakuta nailoni. Nikajikaza, nikijua kwamba kama ni nailoni tupu nitasema ni nailoni tupu. Nikasogea mpaka kwenye ukosi.

"Kuna kitu," nikasema.

Nilisikia ameacha kupumua.

"Mafuta ya mgando. Yale ya kopo."

"Ndiyo. Alijipaka mpaka nyuma ya masikio."

"Sabuni ya kipande. Na dawa, dawa chungu. Na chini yake..." Nikavuta tena. "Jasho kidogo, lakini si baya. Lina utamu. Kama nywele za mtoto akiamka."

Mzee alikuwa amekaa kitandani, ameshika magoti kwa mikono yote miwili, uso umemlowa, na anacheka, anacheka kabisa. "Hiyo hapo," anasema. "Hiyo hapo. Ni yeye. Yumo." Nami nikafurahi jinsi alivyofurahi, nikataka nimtafutie zaidi, nikaingiza uso wote mle mfukoni nikavuta pumzi ndefu.

Akaruka. Akanipokonya ule mfuko, akaukunja kifuani haraka haraka, vidole vinatafuta mafundo.

"Basi, dada, basi! Usivute sana," akasema. "Utaimaliza."