Kibali cha Mpika Halua

Halua iliyompa mume wangu sifa Temeke nzima nilikuwa naipika mimi. Nayasema leo kwa sababu hayupo tena wa kufukuzwa nchini kwa maneno haya.

Alitoka Oman kabla ya vita vikuu vya pili, akaajiriwa na Mwarabu mzaliwa wa hapa, mwenye duka kwenye Barabara ya Kilwa. Nyuma ya duka lilikuwapo jiko, na nyuma ya jiko chumba chetu na ua. Masika moja homa ilimshika vibaya. Alipopona, pua yake ilikuwa imekufa. Sasa halua, wanga ukianza kushika chini, harufu ndiyo hutangulia. Macho hayasaidii, maana rangi ya zafarani huficha yote. Nikaanza kusimama naye jikoni. Vita vilipoadimisha wanga wa ngano, ni mimi niliyejaribu wa muhogo kutoka Mbagala, nikaunguza sufuria baada ya sufuria mpaka nikaujua. Yeye alisonga, mimi niliamua.

Baada ya vita serikali ikabana. Mgeni mwenye ajira alitakiwa kuwa na kibali, na ili kitoke, tajiri wake athibitishe kwamba kazi ni ya ufundi na kwamba hakuna mwenyeji anayeiweza. Kwamba alikuwa ameoa mwenyeji kama mimi haikuwa hoja kwao. Jirani yetu mmoja, mgeni pia, alikuwa fundi wa kutia bati masufuria. Bwana Mkubwa wa vibali alimkuta Mzaramo, mwenyeji, uani kwa fundi huyo akiifanya kazi ileile, tena vizuri. Wiki haikuisha, fundi akapandishwa meli. Mkewe akabaki na watoto na masufuria ya watu.

Kisha zamu ikawa yetu. Tajiri wetu mwenye duka alikuja uani, hata kukaa hakukaa.

"Alhamisi watu wa vibali wanakuja kumwona mumeo akipika. Bibie, wewe jikoni usionekane kabisa."

"Na harufu atasikia nani?"

Mume wangu ndiye aliyefikiria kinu. Mimi nikae uani nitwange iliki, kama mke yeyote wa mpika halua. Nikitwanga, asonge. Nikinyamaza, atie samli. Nikigonga ukingo mara mbili, aepue.

Alhamisi hiyo Mzungu wa vibali aliketi mlangoni mwa jiko na leso puani. Karani wake, Mkristo wa bara mwenye shati jeupe, alisimama kando akiandika. Nilitwanga. Nikanyamaza, nikasikia samli ikilia ndani. Nikatwanga tena. Upepo ukageuka, moshi wote ukaenda upande wa barabara, na mimi nikawa sisikii harufu yoyote. Niliburuta kinu mpaka karibu na ukuta wa jiko. Nilipoinua uso, karani alikuwa amenisimamia.

Alichungulia ndani ya kinu.

"Mama, iliki hii imekuwa vumbi zamani. Mbona bado unatwanga?"

"Ya sikukuu hiyo. Huwa nailainisha sana."

"Na kila ukinyamaza, ndani mzee anatia samli."

Alisema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Wakati huohuo harufu ikaja, ile nyembamba ya mwanzo, na nilijua nikiingoja hata kidogo sufuria imekwenda. Nikagonga ukingo mara mbili, yeye akinitazama. Ndani, sufuria ikaepuliwa.

Karani hakupiga kelele. Alichuchumaa, akaandika, akanisomea: mimi, mke wa fundi, mwenyeji wa Tandale, nimekaa na kazi hii miaka mingi na siiwezi, wala sijamwona mwenyeji anayeiweza.

"Sema si kweli, nami nitaifuta," akasema.

Nilimkumbuka mke wa mtia bati. Nikatia dole gumba.

"Haya, mama. Hii inakaa ofisini. Mimi nitahamishwa, yenyewe itabaki."

Mzungu alikula kipande, akaomba cha pili. Kibali kikatoka.

Tangu hapo sikupata raha. Kila gari liliposimama mbele ya duka, mikono yangu iliacha kazi yenyewe. Tuliishi hivyo mpaka homa ya pili ilipomchukua. Nilipotoka eda nilimwendea tajiri.

"Jiko nalijua. Niache nipike."

Nadhani aliona haya kweli.

"Bibie, si ulitia dole kwamba hujui? Nikikuweka wewe, mie nitaulizwa kwa nini niliwadanganya miaka yote. Na kwa karatasi yako hiyohiyo nimeshapata kibali cha fundi mwingine kutoka kulekule." Akaangalia viatu vyake. "Chumba kaa tu. Umsaidie na kinu, kama zamani."

Nilikuwa na hasira ya kuvunja kinu chenyewe. Lakini sikuwa na pa kwenda, nikarudi chumbani kwangu, naye akadhani nimekubali.

Fundi mpya alikuja, kijana mwenye adabu, akanipa shikamoo yake kwa lafudhi ya kwao. Wanga wa muhogo, tuliobaki nao tangu vita, hakuwahi kuuona. Siku ya kwanza akapewa halua ya harusi, sufuria kubwa ya shaba imejaa. Niliketi kwenye kibao uani, mchi mapajani; tajiri alikuwa amemwambia asikilize kinu changu. Nilimsikia akisonga kwa nguvu, kwa mwendo wa ngano. Muhogo hauningojei hata mimi, sembuse yeye.

Harufu ikaja, nyembamba, kisha nene. Nilichotakiwa ni kugonga mara mbili tu. Nilikaa. Nilifurahi, na furaha hiyo ilinitisha kuliko karani yule.

Tajiri alitoa kichwa kwenye dirisha la jiko, jasho linamtiririka.

"Bibie! Imefika?"

"Mimi sijui," nikamjibu.