Maua ya Kiganjani

Kila nikinusa hina iliyokorogwa kwa ndimu, mimi msomi niliyeandika kurasa tele kuhusu uzuri wa hati, naziba pua kama mtoto.

Shangazi yangu alikuwa mpambaji wa maharusi Mji Mkongwe. Hakuna aliyezichezea herufi za Kiarabu kama yeye: alifu aliivuta ikawa shina, nuni akaifumbua kama asumini.

Dada yangu alikuwa anaozwa bwana mwenye cheo kipya, ambaye baba hakuthubutu kumkatalia. Kadhi humuuliza mwari, naye akinyamaza huhesabiwa karidhia. Mama alikwishamwamuru anyamaze.

"Shangazi, niandikie 'sitaki'," dada alinong'ona, akifungua kiganja. "Kadhi ataisoma."

"Wataka tuuliwe, mwanangu?"

"Mie nshakufa."

Shangazi akaandika. Kila herufi iliyomtisha aliivisha majani, akaisokota, akaitia vikonyo, mpaka neno likaenea kiganja kizima. Sijaona tena hati nzuri kama ile, na nimelipwa mshahara kuzitafuta.

Kadhi alikuja na mashahidi, akauliza. Dada hakujibu, alitoa mkono nje ya pazia, kiganja juu. Kadhi akavaa miwani, akainama, akatazama kwa utulivu.

"Mashaallah, maua gani haya!" akasema. Akawageukia mashahidi. "Mwari karidhia."

Mkono ulibaki pale nje kitambo, hata mama akaja akaurudisha ndani.

Mwaka ule kila biharusi mjini alimtaka shangazi amchore maua yale yale.