Dole Gumba la Ninezem

Shemeji yangu Urdam alikuwa fundi wa kuta, na ukuta wa mji wetu upande wa mfereji aliujenga yeye. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu ukimsifu alirudi kuikagua kazi yake upya. Matofali aliyafyatua mkewe, dada yangu Ninezem. Enzi hizo tofali lilikuwa na mgongo wa mviringo kama mkate, na mfyatuaji alilibonyeza kwa dole gumba kabla halijakauka. Dole la dada yangu lilipinda tangu utotoni, kwa hiyo alama yake huwezi kuifananisha na ya mtu mwingine. Ukuta ulipopanda, alama zote zikafunikwa na udongo.

Ninezem alichukuliwa na mafuriko, tusimpate. Sisi wafu wetu tunawazika chini ya sakafu na kuwanywesha maji kila mwezi unapoandama. Asiye na kaburi hutangatanga na kiu. Basi Urdam akaufanya ukuta ndio kaburi. Miaka ishirini alimwaga maji pale chini na kumwita mkewe kwa jina. Aliyemcheka kilabuni kwangu nilimnyang'anya pombe yake nikaimwaga.

Ndipo mfalme wa Agade aliposhinda vita. Miji ikawa yake mmoja baada ya mwingine, na amri ikaja: kuta zote zibomolewe, kila fundi abomoe alichojenga. Nilikasirika, na hadi leo sijapoa. Mtu amejitwalia nchi nzima, bado anaona wivu kwa kuta za wenzake!

Siku tatu Urdam alikaa chini ya ukuta, jembe mapajani. Msimamizi wa kazi alikuwa Mwakadi mmoja wa huko Agade, Ilsurabi, mtu wa masihara.

"Mzee, jembe halibomoi likiwa limelala."

"Nikiubomoa, mke wangu atanywea wapi?"

Ilsurabi akanigeukia. "Mama, huyu mzee ni mzima kweli?"

"Mzima kuliko huyo mfalme wako."

"Mama wee, punguza sauti! Mimi nimetumwa tu. Kesho wanakuja askari, na wale hawana habari na kiu ya mtu."

Nikaketi karibu na Urdam. "Shemeji, unataka kazi ya Ninezem ikabomolewe na watu wasiojua hata kushika jembe?"

Alicheka kidogo, akainuka.

Aliujua ukuta wake kama kiganja chake. Alianzia juu, akabandua udongo taratibu, akalitoa tofali moja na kuligeuza. Kisha akaniita, "Shemeji, njoo uone."

Lilikuwa dole la dada yangu, limepinda vilevile, kana kwamba amelibonyeza asubuhi ile. Urdam hakuwa ameliona kwa miaka ishirini. Akaingiza dole lake mle ndani. Mimi nililia, wala sikujificha.

"Hayo yote yanakwenda kujaza msingi wa ngome ya mfalme," Ilsurabi akasema.

"Hili haliendi," Urdam akajibu.

Ilsurabi akaitazama ile alama, akajikuna ndevu, halafu akatupa kisogo. "Naangalia mfereji mimi. Nikigeuka nisilikute hapo."

Tulilifukia sakafuni kwa Urdam, mgongo tukauacha wazi juu. Akaita jina la mkewe, akamimina maji. Yakatuama kwenye kile kishimo cha dole, yakapungua kidogo kidogo, yakaisha.

"Amekunywa," akasema.

"Shemeji, hilo ni tofali bichi. Ukilimwagia maji hivyo litayeyuka."

"Hata mimi nitayeyuka," akajibu, akamimina tena.

Aliishi miaka tisa zaidi, akifyatua matofali ya mfalme, bapa, yasiyo na alama ya mtu. Alipofariki tulichimba palepale sakafuni. Tofali halikuwapo tena, tulikuta udongo laini tu. Tukamlaza humo. Sasa mwezi ukiandama, maji yao wote wawili nayamimina mimi.