Mkalimani Mpya na Macho ya Shangazi

Ofisini kila mtu alimwita Shangazi, ingawa pale alikuwa shangazi halisi wa mtu mmoja tu: mwenye ofisi. Hata wateja waliopiga simu kuulizia tovuti zao walisema, "Naomba kuongea na Shangazi," naye akapokea bila kinyongo.

Kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa mabango. Kwa miaka mingi alipanda ngazi na kopo la rangi mkononi, akaandika majina ya vinyozi, maduka ya dawa na gereji juu ya milango yao, herufi zimenyooka bila rula. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, kazi ikakauka. Akakaa nyumbani akikwaruzana na mumewe kwa mambo yasiyo na kichwa wala miguu, mpaka binti wa kaka yake, aliyekuwa amefungua ofisi ndogo ya kutengeneza tovuti, akamjia na ombi.

"Shangazi, kompyuta naijua, lakini kurasa zangu zinaonekana kama fomu za mahakamani. Njoo unifundishe kupanga rangi, nami nikufundishe kuziandika."

Akaja. Akajifunza polepole, akiitukana kibodi kwa sauti ya chini, na hatimaye sura za tovuti zote za ofisi zikawa mikononi mwake: ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, vitufe na rangi zake.

Hakuziandika moja kwa moja kwa lugha ambayo kivinjari, programu ya kufungulia tovuti, kinaisoma, maana lugha ile ni ndefu na inajirudiarudia. Aliandika kwa mkato. Rangi aliipa jina mara moja, kisha akaagiza, "hapa ikoze kidogo," au, "upana huu gawanya kwa mbili." Programu ndogo ndiyo iliyochukua mkato huo na kuugeuza kuwa lugha ya kivinjari. Pale ofisini programu hiyo waliiita mkalimani.

Mkalimani wao alikuwa wa zamani. Waliomtengeneza walikuwa wameshamwacha kitambo, wakawaelekeza watu kwa mwingine, lakini Shangazi hakutaka kusikia. "Si anafanya kazi? Mnamfukuzia nini?" Ubishi huo uliisha siku ambayo Mrefu alipata kompyuta mpya. Mrefu alikuwa mwanaprogramu wa ofisi, baba wa mapacha, mtu aliyelazimika kuinamisha kichwa kila alipopita mlangoni. Alijaribu kumweka mkalimani wa zamani kwenye mashine yake, skrini ikajaa maandishi mekundu. Akajaribu tena, yakajaa zaidi.

"Shangazi, huyu haingii," alisema. "Mashine mpya haimtaki. Hatuna ujanja, tuhamie kwa yule mpya."

"Haya, hamieni. Mimi nipo, nitaona kitakachovunjika."

Walianza na tovuti ya shule ya udereva, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote. Mrefu akabadilisha namba ya toleo kwenye faili la mradi, akamwita mkalimani mpya, naye akaingia na malalamiko kama mpangaji aliyekuta nyumba haijafagiliwa. Alama ya mkwaju, ule mstari ulioinama, waliyoizoea kwa kugawanya hakuitaka. Faili zilizoitana kwa njia ya zamani alitaka ziitane kwa njia mpya. Hayo Mrefu aliyamaliza kwa programu nyingine iliyopita faili zote na kuzinyoosha. Yakabaki maagizo ya kukoza na kufifisha rangi. Mkalimani mpya aliyaona ya kizamani, akapendekeza hesabu nyingine, na hesabu hiyo ukiibandika tu bila kufikiri ilitoa rangi zilizopishana kidogo na zile za mwanzo.

"Nitakokotoa namba mpaka zilingane," Mrefu alisema.

"Ukokotoe nini? Rangi unaitazama, mwanangu. Hebu nipishe."

Akavuta kiti, akaweka ukurasa wa zamani upande mmoja wa skrini na mpya upande wa pili. Akaangalia, akasogea karibu, akakunja uso. "Tena huu weupe umeingia umanjano. Uone, kama shuka lililofuliwa kwa maji ya mtaro. Muda wote huu tunawaonyesha watu uchafu huu? Ngoja niusafishe maadamu tunahama."

Mrefu akatazama. Ukurasa ulikuwa mweupe pe. Mwanamke huyu alikuwa akiandika mabango wakati yeye hajajua kushika penseli. Angeanzia wapi kumbishia juu ya weupe? Akajiambia labda kuna kitu ambacho jicho lake halijafundishwa kukiona.

Shangazi akaongeza bluu kidogo kwenye weupe. Akaona bado, akaongeza tena. Mistari ya kijivu aliiona imefifia, akaikoza. Kitufe cha kuweka nafasi ya somo alikiona kimekufa, akakifufua. Alipomaliza alijiegemeza kitini, roho yake kwatu. Mwenye ofisi alikuwa safarini kwa mteja, hakukuwa na mwingine wa kuuliza. Tovuti ikapandishwa hewani.

Mwenye ofisi alirudi kesho yake asubuhi, na hata hajaweka mkoba mezani simu ikalia. Alikuwa mwenye shule ya udereva, mtu aliyezoea kuongea juu ya ngurumo za injini.

"Dada, magari yangu ni meupe," alianza, salamu kaiacha njiani. "Mnalijua hilo?"

"Tunalijua, mwalimu."

"Sasa mbona tovuti yangu imekuwa zambarau? Kuna mama kaja kujiandikisha, ananiuliza kama nimeacha udereva nauza peremende!"

Mwenye ofisi akaifungua. Mwalimu hakutia chumvi. Kila palipokuwa peupe palikuwa na rangi ya zambarau iliyopauka, mistari imekuwa kama michirizi ya wino, na kitufe kilipiga kelele peke yake katikati. Akaomba radhi, akaahidi kuirekebisha upesi, akamgeukia Mrefu.

"Nini hiki?"

Mrefu akamung'unya maneno. "Shangazi alisema weupe una umanjano."

"Wewe uliuona huo umanjano?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Mrefu akatazama viatu vyake. "Si ni Shangazi."

Mwenye ofisi alitaka kufoka, ila akajizuia, maana hata yeye alikuwa na yake aliyoyaona akanyamaza. Alimwona shangazi yake akikuza herufi za skrini hadi neno moja linajaza mstari. Alimwona akimimina chai mpaka inafurika kwenye kisahani. Siku moja ngazini alimwona akipapasa kidato cha mwisho kwa ncha ya kiatu. Kila mara alijisemea kwamba mtu mzima ni mtu mzima, akaendelea na shughuli zake. Akamwambia Mrefu arudishe ukurasa wa zamani hewani kwanza, kisha akachomoa karatasi kwenye bunda la printa na kuelekea chumba cha nyuma, ambako Shangazi alikuwa akisubiri birika lichemke.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Si ulinisalimia pale mlangoni?"

"Nilisahau." Akamnyooshea ile karatasi. "Naomba unisaidie. Hii ina rangi gani?"

Shangazi akacheka. "Leo tumeanza chekechea? Maziwa hiyo. Tena maziwa yaliyolala." Akaona mwenzake hacheki. Akaishusha karatasi taratibu. "Si maziwa?"

"Ni nyeupe, Shangazi. Nimeitoa kwenye bunda sasa hivi."

"Nyeupe pe?"

"Pe."

Shangazi akaipeleka dirishani, akaigeuza upande huu na ule. Birika likachemka, likajizima, hakuna aliyeligusa. Mwisho akaketi kwenye kiti cha plastiki.

"Ukungu nilijua ninao," alisema. "Nikasema ni miwani tu imechoka. Lakini rangi... Mimi rangi sikuwahi kuitilia shaka."

"Na huo ukungu, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba umemwajiri mpiga rangi asiyeona? Ulinitoa nyumbani nimekauka kama brashi iliyosahauliwa juani. Nikasema nitajikaza, siku ukichoka nami utaniambia mwenyewe."

Binti wa kaka yake akachuchumaa mbele yake, kama alivyozoea kufanya utotoni akiwa na kosa la kukiri. "Sijachoka nawe. Nami nimekukosea, maana niliona unahangaika nikajitia sioni. Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho."

"Na kazi ya watu?"

"Kazi mtaimaliza leo, wewe na Mrefu."

"Kwa macho yapi?"

"Yeye atatazama. Wewe utamwambia kipi kimetoka wapi."

Shangazi akapiga moyo konde, akaenda kukaa kando ya Mrefu. Kijana yule alikuwa amejikunja kitini kwa aibu mpaka urefu wote umemwisha.

"Nisamehe, Shangazi. Niliona, nikanyamaza."

"Ungesema ningekufokea."

"Najua."

"Basi vumilia kufokewa, halafu sema tena. Haya, fungua hilo faili."

Kazi ikaenda. Shangazi alieleza uhusiano wa rangi kama mtu anayeeleza ukoo wake: mpaka wa kitufe umezaliwa na kitufe, ila umekozwa, kivuli kimetoka kwa mpaka. Mrefu alikokotoa namba mpaka kila rangi ikatua pale ilipokuwa zamani. Kisha akaiagiza kompyuta ipige picha ya ukurasa wa zamani na wa mpya, izilinganishe nukta kwa nukta, na penye tofauti iweke alama nyekundu. Mara ya kwanza sehemu ya chini ya ukurasa iliwaka yote. Shangazi akadai kosa liko kwenye kijivu. Mrefu akatafuta, akakuta liko kwenye bluu. "Kumbe na kumbukumbu nayo ina ukungu," Shangazi akasema, wakarekebisha. Mara ya mwisho hapakuwaka kitu.

"Nionyeshe," alisema. Akainama hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Aliona umanjano uleule. "Kama unasema zimelingana, zimelingana. Pandisha."

Daktari wa macho alimmulika jicho moja, kisha la pili, wala hakuchukua muda. "Una mtoto wa jicho, mama. Macho yote mawili."

"Nimelea watoto wa kaka yangu mpaka wameota ndevu," Shangazi akasema, "leo unaniambia nina wengine?"

Daktari akacheka, akamweleza kwamba lenzi ya ndani ya jicho huingia ukungu na umanjano kidogo kidogo, ndiyo maana mwenyewe hagundui. Anadhani dunia ndiyo inayochakaa. Akamwambia inatolewa, inawekwa nyingine, na kwamba wataanza na jicho la kulia.

Bandeji ilipoondolewa, kitu cha kwanza alichoona ni koti la daktari. "Ala! Mmebadilisha sare? Mbona koti la bluu?"

"Ni jeupe, mama. Ni lilelile."

Akaziba jicho la kulia, koti likawa la maziwa yaliyolala. Akaziba la kushoto, likawaka. Akarudia mara nyingi kama mtoto aliyepewa tochi, na binti wa kaka yake akamwona akicheka huku machozi yanamchuruzika upande mmoja.

Alipofika nyumbani alisimama mlangoni mwa sebule kwa mshangao. Mumewe, fundi saa, alikuwa mezani kwake na kioo chake cha kukuzia.

"Mume wangu, nani kapaka ukuta wangu zambarau?"

"Wewe."

"Mimi nilipaka nyeupe!"

"Ulichanganya mwenyewe kwenye ndoo. Nikakuambia, mke wangu, hii ni zambarau. Ukaniambia nishughulike na saa zangu."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nikashughulika na saa zangu."

Shangazi alicheka mpaka akashika jicho, akamlaumu kwamba anataka kumharibia kazi ya daktari. Mumewe akamletea kiti, akamketisha kuutazama ukuta wake, akamuuliza kama aupake upya. Akasema ataamua jicho la pili likishatengenezwa, asije akaamua kwa nusu.

Nalo likatengenezwa, likapona vizuri. Wakati huo tovuti nyingine za ofisi zilikuwa zimeshahamia kwa mkalimani mpya, moja baada ya nyingine, Mrefu akikokotoa na Shangazi akitazama kwa jicho lililopona. Waligombana sana juu ya kijani cha mteja mmoja, sauti zikasikika mpaka ngazini, na mwenye ofisi akafunga mlango wake aweze kuongea na simu.