Siku Boti Yetu Ilipoulizwa Bungeni

Swali la kwanza nililoiandikia Serikali lilijaza ukurasa mzima. Lilikuwa na mawimbi, lilikuwa na mwanamke aliyejifungulia mchangani, lilikuwa na mwezi uliozama nyuma ya milima ya Kongo. Mheshimiwa alilisoma amesimama mlangoni mwa ofisi yake pale Mwanga, mjini Kigoma, chumba kimoja nyuma ya mafundi cherehani, na cherehani zilimpigia kelele mpaka akamaliza.

"Mwanangu," akasema, "hili Spika atalitupa hata hajafika katikati. Unaandika riwaya au unauliza swali?"

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na yeye alinipa kazi ya kumchapia. Alikuwa mbunge wa viti maalumu, mama wa Ujiji aliyefundisha shule za msingi miaka mingi, na bado alishika kalamu nyekundu kama mtu anayesahihisha madaftari. Akavuta kiti.

"Na hapa umeandika, 'Serikali ina mpango gani.' Futa. Ukimuuliza waziri mpango, atakuletea mpango. Mipango wanayo mingi. Uliza kitu chenye jibu. Boti ya zahanati iko wapi, na itarudi lini."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Ya kwanza iite (a), ya pili iite (b). Wanapenda sana (a) na (b)."

Nikafuta mwezi, nikafuta mawimbi. Yakabaki maneno machache makavu ambayo sikuyapenda hata kidogo.

Kijiji chetu kiko mwambao wa kaskazini, ukishaipita Mwamgongo, karibu na mpaka wa Burundi. Nyuma yetu ni milima, mbele yetu ni ziwa, na barabara hakuna. Mama yangu alikuwa muuguzi, na kwa kuwa mganga hakukaa, yeye ndiye aliyekaimu zahanati. Zahanati ilikuwa na boti ya wagonjwa, nyeupe, yenye injini ya nguvu. Walipoanza kuvuka Warundi wakikimbia kwao, mchanga wetu wote ulifunikwa na watu. Walilala chini ya maturubai, chini ya kanga, chini ya mvua. Kuhara kulipoingia, mama mwenyewe alitoa ufunguo wa boti ili wagonjwa mahututi wapelekwe Kigoma. Baadaye meli kubwa iliwachukua watu, wakapelekwa makambini, ufuo ukabaki na ndala za mguu mmoja mmoja. Boti haikurudi. Wachuuzi wa dagaa walituambia wanaiona Kibirizi, bandari ya mitumbwi kule Kigoma, imebeba wageni na kreti za soda.

"Wakimbizi wametumalizia boti," watu walisema kijijini.

Mama alikuwa anakasirika. "Wakimbizi walilala ndani yake wakitapika. Hawakuiendesha."

Hasira yake ilikuwa na sababu iliyokuwa ikitembea ndani ya nyumba yetu, tumbo mbele, mkono kiunoni. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, na mama alikwisha sema kwamba wa pili hatazaliwa kijijini, kwa sababu kidonda cha zamani kikifunguka ndani hakuna mtu mwambao mzima awezaye kukifunga. Kaka alikuwa upande wa Ilagala akivua. Tulipanga wifi aende Kigoma mapema, akakae kwa ndugu, lakini yeye aliahirisha kila wiki: mihogo haijavunwa, mtoto mkubwa ana homa. Alisema boti itakuwa imerudi.

Bunge lilipoanza, Mheshimiwa akaenda Dodoma, akafunga ofisi, nami nikapanda boti ya abiria kurudi nyumbani. Niliamini kwamba swali langu limekwenda kwa waziri, na kwamba waziri, akiwa mtu mkubwa mwenye kujua mambo, atalijibu. Sikujua kwamba swali la Bunge hushuka. Wizara huuliza mkoa, mkoa huuliza wilaya, na wilaya humtafuta mtu wa mwisho kabisa kule chini, ambaye mara nyingi ndiye yuleyule aliyelia mwanzoni. Jibu hupikwa huko, kisha hupandishwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi huongeza chumvi yake.

Aliyeletwa kulipika kwetu alikuwa kijana mnadhifu kutoka wilayani. Aliruka kutoka kwenye boti ameshika viatu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umetuletea boti?"

"Nimeleta swali, mama. Kuna mbunge kauliza. Leo jioni jibu linatakiwa mkoani, kesho wizarani. Hapa unaandika tu kwamba boti iko kwenye matengenezo, unasaini, unagonga muhuri."

Mama alikuwa anampima mtoto uzito. Hakuacha. "Iko kwa fundi gani?"

"Mama, hiyo si muhimu."

"Ni muhimu. Nikiandika iko kwa fundi, huyo mbunge ana maswali ya nyongeza. Atasimama aulize fundi gani, karakana ipi, imeharibika nini. Waziri atakugeukia wewe. Wewe utanigeukia mimi. Nitajie fundi, nisaini sasa hivi."

Kijana alitazama viatu vyake. Nikaona kitu ambacho sikukitegemea: aliogopa. Hakumwogopa mama wala mbunge. Aliogopa dakika ile moja bungeni ambapo mtu anaweza kusimama na kuuliza tena.

"Mama, watumishi wanahamishwa," akasema polepole. "Huko porini kuna zahanati hazina hata paa."

"Najua. Nilianzia huko."

Akaondoka bila saini. Usiku ule mama hakula. Aliniuliza kama nimelisema jina lake kwa Mheshimiwa, nikasema sikulisema, akasema haidhuru, kila mtu anajua mtoto wa nani anachapa kule Mwanga.

Kijana akarudi siku ya pili, na safari hii kijiji kizima kilimwona kwa mbali, kwa sababu nyuma ya boti yake alikuwa anavuta boti yetu kwa kamba. Watoto walikimbia majini. Wanawake wakapiga vigelegele. Wifi alikuja akishika mgongo, akacheka, akasema, "Si niliwaambia?"

Mvuvi mmoja, rafiki wa kaka, ndiye aliyezunguka nyuma ya boti kwanza. Akatuita kwa mkono. Pale penye injini palikuwa na matundu ya skrubu tu.

"Injini?" mama akauliza.

"Inafuata."

"Inafuata kwa miguu?"

"Mama, swali linauliza boti. Boti hii hapa. Sasa naomba watu wasogee mbele nipige picha. Mbele, si nyuma. Wewe dada mjamzito, njoo hapa katikati, itapendeza. Tabasamu kidogo."

Wifi alimtazama juu mpaka chini. "Nitatabasamu nikiona injini."

Alipiga picha hivyohivyo, na wifi amenuna katikati. Mama aliandika karatasini kwamba boti imerejeshwa leo na haina injini, akasaini, akagonga muhuri. Kijana alisoma, akakunja, akaweka mfukoni, na sote tulijua kwamba karatasi hiyo haitafika popote. Picha ndiyo ingepanda.

Kwetu simu hushika mtandao wa Burundi kuliko wa Tanzania, ila kuna jiwe moja juu ya makaburi ambako ukisimama ukielekeza uso kusini unapata wa kwetu. Nilipanda. Nikamwandikia Mheshimiwa: Boti imerudi leo ikivutwa kwa kamba, injini hakuna, wamepiga picha kwa mbele. Ujumbe ulizunguka, ukazunguka, kisha salio likakatwa bila kuniambia kama umefika. Nilikaa juu ya lile jiwe mpaka giza, nikisubiri neno moja tu kutoka Dodoma. Halikuja. Swali letu lilikuwa linasomwa kesho yake asubuhi.

Kesho yake alfajiri wifi aliita. Sauti haikuwa ya mtu anayeita, ilikuwa ya mtu anayeshangaa. Uchungu ulimkuta kabla ya wakati, akiwa amechutama jikoni.

Boti ya abiria ilikwisha ondoka gizani, kama kawaida yake. Mama alimpima, akanawa mikono, akanivuta nje.

"Kidonda kinauma hata uchungu ukiachia. Sipendi. Tunaondoka."

"Kwa chombo gani, mama?"

"Kwa chochote kinachoelea."

Rafiki wa kaka alikuwa ndiyo kwanza ametoka ziwani, macho mekundu kwa usingizi. Hakuuliza. Alitupa nyavu nje, yeye na mwenzake wakatandika mkeka, wakamlaza wifi katikati, mama kichwani kwake, mimi miguuni, dripu nikiwa nimeishika juu kwa mkono. Injini yao ilikuwa ndogo, ya kubebea dagaa. Ilikohoa, ikashika, na milima ya kwetu ikaanza kusogea nyuma kwa uvivu ambao nitauota mpaka kufa. Ziwa lilikuwa limechafuka. Kila wimbi lilipotunyanyua, wifi aliuma kanga.

"Hesabu nyani wa Gombe," mvuvi alimwambia tulipokuwa tunaupita msitu. "Ukifika mwisho, tumefika."

"Nyani ni wewe," wifi akajibu, na sote tukacheka kwa hofu.

Mvuvi alikuwa na redio ndogo, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikamwomba aiwashe. Mama alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili, kisha akasema, "Washa."

Tukasikia dua ikimalizika. Tukasikia maswali ya watu wengine: pamba, maji, daraja. Kisha sauti ya Naibu Waziri, tulivu, iliyoshiba:

"Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, napenda kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge, lenye sehemu (a) na (b), kwa pamoja, kama ifuatavyo. Boti ya zahanati hiyo ipo kijijini na inaendelea kutoa huduma kwa wananchi. Picha ninazo."

Bungeni watu walipiga meza.

"Inamhudumia nani?" wifi aliuliza kutoka chini, kwa pumzi iliyokatika. "Mbona mimi niko humu?"

Mvuvi alitukana tusi la Kiha ambalo mama, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, hakulikemea. Mimi nilikuwa nasikiliza kimya kilichofuata. Kama ujumbe haukufika, Mheshimiwa atashukuru kwa majibu mazuri, atakaa, na mambo yatakuwa yamekwisha. Jibu likishapokelewa hakuna anayeuliza tena. Injini itabaki Kibirizi milele.

"Nyongeza, Mheshimiwa," Spika akasema.

"Mheshimiwa Spika, nashukuru kwa majibu ya Serikali." Nikajua sasa atakaa. "Kwa kuwa boti hiyo ilirudishwa jana ikiwa imefungwa kamba nyuma ya boti nyingine. Na kwa kuwa picha ya Naibu Waziri imepigwa kwa mbele. Je, anaweza kuliambia Bunge hili, tunavyozungumza sasa hivi, injini iko wapi?"

Hakuna aliyepiga meza. Naibu Waziri alisema kwamba hiyo ni taarifa mpya, kwamba yuko tayari kuongozana na Mheshimiwa Mbunge baada ya kikao, kwamba Serikali sikivu italifanyia kazi.

"Swali ni iko wapi," Spika akasema.

Hapo wimbi likatupiga ubavuni, redio ikahama, ikaanza kuimba kwaya ya Kirundi. Mvuvi aliigongagonga, haikurudi. Mama alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo la wifi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza ukuta.

"Zidisha," akamwambia mvuvi.

"Imefika mwisho, mama."

Nilibadilisha mkono wa dripu. Nikabadilisha tena. Jua lilikuwa limepanda na bado tulikuwa tunautazama msitu uleule, au ndivyo nilivyoona. Wifi aliacha kujibu utani. Kisha akaacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha mama. Akaanza kumpiga mashavuni na kumwita kwa jina la utotoni.

Mvuvi ndiye aliyeona. Kutoka kusini, boti ya kasi, pua juu, ikikata maji kuja upande wetu. Mama alisimama katikati ya mtumbwi unaoyumba, akavua kanga yake ya juu, akaipunga kwa mikono miwili.

Ilipunguza mwendo, ikatusogelea. Ndani alikuwamo yule kijana wa wilaya, shati limelowa, amekumbatia injini iliyofungwa gunia kama mtu aliyebeba mbuzi.

"Mama! Injini hii hapa! Wamepiga simu kutoka Dodoma, nimepewa mpaka saa saba, nataka nikaifunge..."

"Ihamishie huku. Mgonjwa wangu anakuja huko."

"Mama, nina maagizo..."

"Mshike miguu!"

Alimshika miguu. Sijui jinsi tulivyofanya, vyombo viwili vikigongana, wanaume wakipitisha injini upande huu na wifi upande ule. Nakumbuka mama akiweka dripu mkononi mwa kijana na kumwambia asiishushe hata akiulizwa na nani. Kisha boti ya kasi ikanyanyua pua, ikageuka, na Kigoma ikaanza kuja.

Hospitali walimchukua wifi palepale mlangoni. Tulibaki kwenye korido: mama bila kanga, mimi, na kijana asiyekuwa na viatu, ambaye hakuna aliyemwambia aondoke. Simu yake ikaita. Akasimama wima kuipokea.

"Ndiyo, mkuu. Ndiyo. Boti ipo, mkuu, inaendelea..." Akamwona mama anamtazama. "Hapana, mkuu. Injini haijafungwa. Iko majini na wavuvi, inapelekwa. Boti niliyopanda mimi imeleta mgonjwa. Ndiyo, mkuu. Andika hivyo."

Akakata simu, akakaa sakafuni.

Tulikaa sana. Mlango ulipofunguka, muuguzi aliuliza ndugu wa mama wa operesheni ni nani, na sote watatu tukainuka. Akasema kidonda cha zamani kilikuwa kimeanza kuachia, wamewahi, mtoto ni wa kike, wote wawili wazima. Kijana alifunika uso kwa mikono yake miwili. Mimi nililia kwa sauti, bila aibu.

Mama aliuliza jambo moja tu: kama wanaweza kumpa dripu za kurudi nazo, kwa sababu ile ilikuwa ya mwisho pale zahanati.